Baada ya Kuangika Daluga: Maandalizi ya Mwanakandanda wa Kulipwa kwa Kazi ya Pili

Utangulizi

Neno kustaafu humjia Mkenya akilini likiwa na sura ya mtu mwenye mvi. Mtumishi wa umma nchini hustaafu akiwa na umri wa miaka 60, baada ya serikali kuuongeza umri huo kutoka miaka 55 mnamo mwaka wa 2009. Anapoaga ofisi, watoto wake aghalabu wamekwisha kusoma, ana kiinua mgongo, ana pensheni, na pengine ana ng'ombe wawili watatu wanaomngoja mashambani. Mwanakandanda wa kulipwa naye husemwa kuwa amestaafu, lakini kinachofanana hapo ni neno tu. Yeye huangika daluga zake akiwa na miaka thelathini na mitatu au thelathini na minne. Mwenye bahati hufika thelathini na sita. Mtoto wake wa kwanza yuko darasa la pili. Mwenzake waliyeketi naye dawati moja, yule aliyekwenda chuo cha ualimu, wakati huo ndipo anapoanza kufikiriwa kupandishwa cheo.

Makala haya yananuia kueleza kwa nini mpito huo huwa mgumu, jinsi mataifa na vyama mbalimbali vilivyojaribu kumwandaa mchezaji kwa kazi ya pili, na nafasi iliyopo hapa kwetu. Inafaa ieleweke mapema kwamba mchezaji wa kulipwa anayezungumziwa si yule tu anayeonekana katika televisheni akishuka kwenye gari la kifahari jijini London. Wengi mno kati ya wanaoishi kwa mguu wao ni watu wa kipato cha kawaida, na wengine hata hicho cha kawaida hawakioni kwa wakati.

Kazi inayoisha mapema

Ukomo wa kazi hii umeandikwa mwilini. Kasi hupungua, goti huanza kudai haki yake, na jeraha lililokuwa likipona kwa wiki mbili sasa huchukua miezi miwili. Makipa hudumu zaidi: Dino Zoff alikuwa na umri wa miaka 40 alipoinua Kombe la Dunia akiwa nahodha wa Italia mwaka wa 1982, naye Essam El-Hadary wa Misri alidaka mechi ya Kombe la Dunia nchini Urusi mwaka wa 2018 akiwa na miaka 45. Hao ni watu wa kusimuliwa. Kiungo au winga anayewategemea kama kielelezo anajidanganya.

Isitoshe, kuna wanaostaafishwa kabla ya umri huo kuwadia. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Uingereza, alianguka uwanjani tarehe 17 Machi 2012 klabu yake ya Bolton ilipokuwa ikichuana na Tottenham katika Kombe la FA. Moyo wake ulisimama kwa dakika 78. Aliokolewa, lakini mnamo Agosti mwaka huo alitangaza kuwa hangecheza tena. Alikuwa na umri wa miaka 24. Kinachotajwa kwa nadra ni sehemu ya pili ya kisa hicho: Muamba alijiunga na Chuo Kikuu cha Staffordshire, akasomea uandishi wa habari za michezo, na kuhitimu mwaka wa 2015. Kozi hiyo ilikuwa na uhusiano na chama cha wachezaji cha Uingereza, na kwa hivyo mlango ulikuwa umekwisha kujengwa kabla yeye hajauhitaji.

Hata bila jeraha, kandarasi zenyewe ni fupi. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wachezaji, FIFPRO, lilitoa ripoti mwaka wa 2016 baada ya kuwahoji wachezaji karibu 14,000 katika mataifa 54. Ilibainika kuwa wastani wa urefu wa mkataba ulikuwa miezi 22. Asilimia 41 ya waliohojiwa walikuwa wamecheleweshewa mishahara katika misimu miwili iliyotangulia, na zaidi ya asilimia 45 walikuwa wakipata chini ya dola 1,000 za Marekani kwa mwezi. Takwimu hizo zinatosha kuondoa dhana kwamba tatizo la mchezaji mstaafu ni ubadhirifu tu. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutoweka akiba ya mshahara ambao haukulipwa.

Jina linalobaki uwanjani

Kuna hasara nyingine ambayo haihesabiki kwa shilingi. Wataalamu wa saikolojia ya michezo huzungumzia utambulisho wa mwanamichezo, yaani kiwango ambacho mtu hujitambua, na kutambuliwa na wenzake, kwa mchezo wake pekee. Kijana aliyeanza kuitwa mchezaji akiwa na miaka kumi na mitatu hajapata kuwa kitu kingine. Anapoacha kucheza, haachi kazi tu. Anaachana na mtu aliyekuwa akimjua kuwa ndiye yeye. Ratiba ya siku inayeyuka. Hakuna anayempigia simu alfajiri kumuuliza yuko wapi. Chumba cha kubadilishia nguo, pamoja na mizaha yake, kinaendelea bila yeye.

Mwaka wa 2015 FIFPRO ilichapisha utafiti ulioongozwa na Vincent Gouttebarge kuhusu afya ya akili ya wanakandanda. Kati ya wachezaji 607 waliokuwa bado wakicheza, asilimia 38 walieleza kuwa na dalili za msongo au wasiwasi; miongoni mwa wastaafu 219, asilimia hiyo ilikuwa 35. Waliowahi kupata majeraha mabaya mara tatu au zaidi walikuwa katika hatari ya juu zaidi ya kupatwa na dalili hizo. Matokeo haya yana fundisho lisilotarajiwa: shida haianzi siku ya kustaafu. Huanza mchezaji angali kambini, akiwa na goti lililofungwa bendeji na mkataba unaokaribia kwisha. Gouttebarge mwenyewe, kwa hakika, aliwahi kuwa mchezaji wa kulipwa kabla ya kuwa mtafiti.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano wa nguvu ya jina. Vizazi kadhaa vya Wakenya vilijua maneno matatu, "Kadenge na mpira", hata miongoni mwa watu ambao hawakuwahi kumwona Joe Kadenge akicheza. Sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni ilimfanya mchezaji huyo wa Maragoli United na Abaluhya kuwa nahau ya lugha. Kadenge alifariki Julai 2019, na Mbotela akafuata Februari 2025, lakini nahau ingali hai. Hata hivyo, nahau hailipi karo wala bili ya hospitali. Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutuzwa. Methali hiyo ilizaliwa katika ngoma, ambako mchezaji hutunzwa papo hapo, angali anatoka jasho. Haikusema lolote kuhusu mchezaji aliyekwisha kutoka uwanjani, na huenda kimya hicho ndicho kiini cha suala lote.

Enzi za timu za mashirika

Katika soka ya Kenya, swali la maisha baada ya kandanda liliwahi kuwa na jibu ambalo halikuitwa hata mpango. Klabu nyingi zilikuwa za waajiri: kiwanda cha bia, benki, bandari, posta, viwanda vya sukari, majeshi. Mchezaji alisajiliwa kwa sababu ya mguu wake, lakini aliandikwa kazi. Asubuhi alikuwa karani, fundi au askari, na jioni akawa mshambuliaji. Alipozidiwa na umri, alirudi kwenye meza yake na kuendelea na utumishi hadi umri wa kustaafu kama wenzake wote. Mfumo huo haujatoweka kabisa. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi iliyotwaa ubingwa wa ligi mara tatu mfululizo kuanzia mwaka wa 2003 na tena mwaka wa 2010, ilijulikana kwa kuwatumia wachezaji walio askari; Bandari ya Mombasa na KCB zingali na majina ya wenyeji wao; nayo Kenya Police ilishinda ligi kwa mara ya kwanza katika msimu wa 2024/2025.

Mfumo wa mashirika ulikuwa na kasoro zake. Shirika lililofilisika liliizamisha timu pamoja nalo. Chemelil na Sony, timu za viwanda vya sukari, ziliondoka katika ligi kuu kiwanda kilipokosa fedha. Aidha, mchezaji aliyeajiriwa hivyo hakuwa huru kuhama kama soko lilivyotaka. Lakini ni vyema kukiri kuwa wito wa "kuifanya soka yetu iwe ya kulipwa kikamilifu" uliwaondolea wengi ile meza ya karani kabla ya kuwawekea kitu kingine mahali pake. Kampuni ya SportPesa ilipoondoa ufadhili wake Agosti 2019 kutokana na mzozo wa kodi, ligi na klabu kubwa kama Gor Mahia na AFC Leopards zilipoteza mhimili kwa siku moja. Mchezaji asiye na kazi nyingine alijikuta hana hata moja.

Kuhusu pensheni, sheria ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, ya mwaka wa 2013, iliyoanza kutekelezwa Februari 2023, inamtaka mwajiri achange asilimia 6 ya mshahara na mwajiriwa achange asilimia 6. Klabu inayomwajiri mchezaji ni mwajiri kama mwajiri mwingine yeyote. Tatizo ni kuwa sheria hiyo imeshonwa kwa kipimo cha karani: umri wa kupokea mafao ni miaka 60, au 50 kwa anayestaafu mapema. Mchezaji aliyeangika daluga akiwa na miaka 33 ana miaka 17 ya kungoja hata akichukua njia ya mkato. Huo ndio ufa unaohitaji daraja.

Daraja la Waholanzi na mabomba ya Finney

Waholanzi walilijenga daraja hilo mwaka wa 1972. Mfuko wao uitwao CFK humtaka mchezaji wa kulipwa anayepata zaidi ya kiwango fulani aweke sehemu ya mshahara na marupurupu yake. Fedha hizo hazitozwi kodi wakati wa kuwekwa, na hawezi kuzigusa angali anacheza. Anapoacha, hulipwa kila mwezi kwa kipindi fulani, kodi ikikatwa wakati huo. Lengo si kumlisha hadi uzeeni. Lengo ni kumpa muda: miaka michache ambayo anaweza kusomea kazi, kufungua biashara kwa utaratibu, au kukosea mara moja bila kuangamia. Kwa Mkenya anayekijua chama cha akina mama cha kuwekeana akiba, wazo hili si geni hata kidogo. Tofauti ni kwamba chama hiki hakiruhusu mtu kuomba apewe zamu yake mapema.

Uingereza ilipita njia ndefu zaidi. Chama cha wachezaji wa kulipwa, PFA, kiliundwa jijini Manchester mwaka wa 1907. Kwa miongo mingi mishahara iliwekewa kikomo, ambacho kilikuwa kimefika pauni 20 kwa wiki kilipoondolewa mwaka wa 1961. Katika enzi hiyo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa kuhusu kazi ya pili, kwani ya kwanza haikutosha. Tom Finney wa Preston North End, aliyeichezea timu ya taifa ya Uingereza mara 76 na kufunga mabao 30, alikuwa fundi wa mabomba. Baba yake alikataa katakata aache uanagenzi wa ufundi huo kwa ajili ya mpira, na Finney akaendesha biashara ya mabomba hata alipokuwa nyota. Mashabiki walimwita fundi bomba wa Preston kwa mapenzi, wala si kwa kejeli.

Fedha zilipoongezeka, hekima ya baba yake Finney ilibidi iandikwe katika kanuni. Leo kijana wa miaka 16 anayechukuliwa na klabu ya Uingereza huingia kama mwanagenzi kwa miaka miwili, na masomo ni sehemu ya uanagenzi huo. Mwaka wa 2004 PFA na ligi ya madaraja ya chini ziliunda taasisi ya League Football Education kusimamia elimu hiyo katika klabu zao. Sababu ni ya kihesabu: wengi wa wanagenzi hao hawapati mkataba wa kulipwa wanapofika miaka 18. Kwa hivyo maandalizi ya kustaafu huanza kabla kazi yenyewe haijaanza, na huwafaa zaidi wale ambao hawataifanya kamwe. PFA pia hutoa ruzuku za masomo kwa wachezaji wa sasa na wa zamani, maana aliyekuwa mwanachama hubaki kuwa mwanachama.

Waliosoma wakicheza, na waliosoma baadaye

Kuna wanaodai kuwa masomo humpunguzia mchezaji makali. Mifano ya wazi inapinga dai hilo. Sócrates, nahodha wa Brazili katika Kombe la Dunia la 1982, alisomea udaktari na kuhitimu huku akicheza. Vincent Kompany alihitimu shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara mjini Manchester angali nahodha wa Manchester City. Karibu na nyumbani zaidi kuna Leodegar Tenga, aliyekuwa nahodha wa Tanzania katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka wa 1980 mjini Lagos. Tenga ni mhandisi. Aliliongoza Shirikisho la Soka la Tanzania kuanzia mwaka wa 2004 hadi 2013, na amewahi kuwa mtendaji mkuu wa shirikisho la wenye viwanda nchini humo. Hakuna aliyemfungulia milango ya viwanda kwa sababu ya pasi zake za Lagos. Alikuwa na cheti cha kuingilia.

George Weah anatoa mfano wa upande wa pili. Mchezaji bora wa dunia wa mwaka wa 1995 aliwania urais wa Liberia mwaka wa 2005 na kushindwa na Ellen Johnson Sirleaf, mwanauchumi aliyesomea Harvard. Katika kampeni hizo uhaba wa elimu ya Weah ulikuwa fimbo ya kila jukwaa. Alirudi darasani nchini Marekani akiwa mtu mzima, akapata shahada, akarudi kwa wapiga kura, na kuwa rais kuanzia Januari 2018 hadi Januari 2024. Wanaomsifu na wanaomkosoa kwa utawala wake wana hoja zao. Linalohusika hapa ni kwamba umaarufu wa uwanjani ulimfikisha mlangoni lakini haukumpitisha.

McDonald Mariga, Mkenya aliyekuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka wa 2010, alilionja somo kama hilo huko Kibra katika uchaguzi mdogo wa Novemba 2019, aliposhindwa na Imran Okoth. Siasa aliyoiweza baadaye ilikuwa ya mchezo anaoujua: Desemba 2024 alichaguliwa naibu wa rais wa Shirikisho la Kandanda la Kenya.

Mathare: takataka na karo

Mfano wa nyumbani unaostahili kutazamwa kwa makini ni ule wa Mathare. Chama cha vijana cha MYSA kilianzishwa mwaka wa 1987, na klabu ya Mathare United ikazaliwa humo mwaka wa 1994, ikaja kutwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka wa 2008. Sifa kubwa ya MYSA si kombe hilo. Ni kanuni kwamba timu hupata pointi katika jedwali la ligi si kwa kushinda tu bali pia kwa kusafisha mtaa. Timu isiyojitokeza kuzoa takataka hukosa pointi hizo, hata ikiwa na mshambuliaji hodari vipi. Vijana wanaojitolea kwa kazi za jamii, wakiwa makocha wa watoto, waamuzi au viongozi wa kanda, hujikusanyia alama zinazowapa tuzo za kulipiwa karo, na karo hiyo hupelekwa shuleni.

Mtu anaweza kusema kuwa huu ni mpango wa ustawi wa jamii, wala si wa kuwaandaa wachezaji kustaafu. Lakini hebu tazama kinachotendeka. Kijana wa miaka kumi na minne amekwisha kuitisha mkutano, kuandika orodha, kutatua ugomvi wa timu mbili na kuhesabu fedha za nauli. Siku atakapoacha kucheza atakuwa na mambo manne ya kuandika katika barua ya kuomba kazi. Utambulisho wake haukuwahi kuegemea mguu peke yake. Francis Kimanzi, aliyekuja kuinoa timu ya taifa, alitoka katika mazingira hayo ya Mathare.

Kazi zilizo jirani na uwanja

Ukufunzi ndio kazi ya kwanza inayotajwa, na ndiyo inayowahadaa wengi. Kucheza vizuri si kufundisha vizuri, na siku hizi hakuna benchi la maana linalokaliwa bila leseni. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, lina ngazi kuanzia leseni ya D hadi ile ya juu kabisa ya ukufunzi wa kulipwa, na kila ngazi huhitaji muda na fedha. Mchezaji mwenye busara huanza ya D angali anacheza. Nafasi za makocha wakuu katika ligi nzima, hata hivyo, hazifiki ishirini. Uamuzi, uchunguzi wa vipaji, tiba ya viungo, usimamizi wa viwanja na takwimu za mechi huajiri watu ambao majina yao hayatangazwi.

Kuna kazi moja ambayo inawahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja, nayo ni utangazaji. Jacob "Ghost" Mulee alikuwa kipa, kisha kocha aliyeipeleka Harambee Stars katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia mwaka wa 2004, ambako iliilaza Burkina Faso 3-0. Wasikilizaji wengi vijana, hata hivyo, walimjua kwa sauti ya asubuhi ya Radio Jambo, kwa Kiswahili. Mikono iliyodaka mpira haikuwa na kazi studioni. Ulimi ndio uliokuwa na kazi. Vituo vya Kiswahili vinahitaji wachambuzi wanaoweza kueleza kwa nini beki alichelewa kugeuka, na anayelijua jibu hilo kwa mwili wake ana faida juu ya mtangazaji aliyelisoma. Anachokosa mara nyingi ni msamiati, mpangilio wa hoja na nidhamu ya muda hewani. Hayo hufundishika, na hufundishwa katika idara za Kiswahili.

Wanasoka wa kike wameishi na kazi mbili muda wote, kwani ligi yao haikuwahi kuwapa udanganyifu wa kwamba moja inatosha. Vihiga Queens walioshiriki Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika ya kwanza kabisa, mwaka wa 2021 nchini Misri, hawakuhitaji semina ya kuwaeleza kwamba soka hailishi nyumba. Wanahitaji muda wa kusoma na ratiba isiyogongana na mtihani.

Fedha za ghafla

Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa mashindano ya CHAN, yanayowahusu wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao. Rais William Ruto aliahidi kila mchezaji wa Harambee Stars shilingi milioni 1 kwa kila ushindi katika makundi, na timu ikazilaza DR Congo, Moroko na Zambia kabla ya kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Kwa mchezaji wa ligi ya nyumbani, hizo ni fedha za miaka kadhaa zinazotua kwa majuma matatu.

Ahadi kama hizo hupokewa kwa vigelegele, na ni haki. Ila utaratibu wa kuzipokea haujengwi na vigelegele. Jamaa huongezeka, rafiki wa shule ya msingi hukumbuka namba ya simu, wakala wa ploti huja na picha. Mpango wa aina ya ule wa Waholanzi ungeweza kuanzia hapa bila kubadilisha sheria yoyote ya nchi: mchezaji akachagua, kabla ya mashindano, fungu la tuzo litakalowekwa katika akiba iliyofungwa hadi aache kucheza. Kuchagua kabla ni muhimu. Baada ya fedha kuingia, kila mtu ana shangazi mgonjwa. Chama cha maslahi ya wachezaji nchini, KEFWA, ambacho kina uhusiano na FIFPRO, ndicho chombo kilicho karibu zaidi kuubeba mpango wa namna hiyo.

Lugha ya mkataba

Maandalizi yote yaliyotajwa hutegemea karatasi moja, nayo ni mkataba. Humo ndimo mna mshahara, bima ya jeraha, michango ya NSSF na tarehe ya kwisha. Mikataba ya klabu zetu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kijana aliyeacha shule katika kidato cha pili hupewa kurasa kadhaa, kalamu, na jezi ya kupigiwa picha. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, lakini hadhi hiyo haijaingia katika chumba cha usajili.

Athari yake si ya kinadharia. Tangu mwaka wa 2018 kanuni za FIFA zinasema kuwa klabu ikikosa kumlipa mchezaji angalau mishahara miwili ya mwezi kwa tarehe zake, mchezaji ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, mradi kwanza aiandikie klabu barua na kuipa siku zisizopungua 15 za kulipa deni lote. Anayeijua kanuni hiyo huandika barua, hutunza nakala, huhesabu siku, kisha huondoka akiwa na dai la fidia. Asiyeijua hukasirika baada ya mwezi wa pili, hufunga mizigo na kurudi kwao, na klabu humgeuzia kibao kuwa yeye ndiye aliyevunja mkataba. Wachezaji wawili, deni moja; mmoja anapata ada ya chuo na mwingine anapata adhabu.

Barua hiyo ni ya aya tatu tu: kiasi kinachodaiwa, miezi kinayohusu, na muda wa siku 15 kuanzia tarehe ya kupokewa. Kielelezo chake kwa Kiswahili sanifu, pamoja na tafsiri ya mkataba wa kawaida wa ligi na faharasa fupi ya istilahi kama vile ada ya uhamisho, kutolewa kwa mkopo, fidia ya mafunzo na sababu ya haki, ni kazi inayolingana na mradi wa muhula mmoja wa darasa la tafsiri. Darasa hilo litakabiliwa na ugumu wa kweli. Neno mkopo, kwa mfano, humfanya anayelisikia mara ya kwanza afikirie deni, ilhali mchezaji anayetolewa kwa mkopo hadaiwi chochote. Na sababu ya haki haina budi kutofautishwa na sababu nzuri, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na sababu nzuri sana ya kuondoka na bado akashindwa mbele ya waamuzi wa mgogoro.